PICHA ILIYOPINDA NA NAMNA YA KUINYOSHA

Si jambo geni, katika msiba wa askari aliyefariki kazini, kuona picha yake imesimamishwa mezani karibu na jeneza, nayo picha hiyo imetolewa katika simu yake mwenyewe kwa sababu nyingine haikupatikana. Aliipiga peke yake, mkono ameunyosha mbele, akicheka. Waombolezaji huitazama na kusema, "Ndiye." Lakini mama mzazi huitazama kwa muda mrefu, kisha husema polepole, "Mwanangu hakuwa na pua kubwa namna hii. Na masikio yake yako wapi?" Watu humfariji wakidhani kwamba ni uchungu unaosema. Kumbe mama huyo amesema kweli tupu. Picha ile haikuionyesha sura ya mwanawe kama ilivyokuwa.

Watu wengi huamini kwamba kamera haisemi uongo. Jambo hilo ni kweli kwa sehemu tu. Kamera huandika mwanga unaoingia katika lenzi yake, wala haiongezi neno. Lakini mahali iliposimama, namna ilivyoinamishwa, na kioo kilichomo ndani yake, vyote huamua vitu vitaonekanaje. Kwa jamaa ya askari au polisi, ambayo picha zake huwa kumbukumbu ya nyumbani na pengine ushahidi wa mahakamani, yafaa kuyafahamu mambo haya.

MAKOSA YA NAMNA MBILI

Makosa yanayopotosha maumbo katika picha ni ya namna mbili, na chanzo chake si kimoja. La kwanza ni kosa la mtazamo. Hili hutokana na mahali alipo mpiga picha: yu karibu au mbali, ameiinua kamera au ameiinamisha. La pili ni mpindo wa lenzi. Huu hutokana na kioo chenyewe, ambacho hufanya mstari ulionyooka uonekane umepinda.

Ni muhimu kutochanganya makosa haya, kwa maana dawa ya moja si dawa ya jingine. Mtu akiona kuta za nyumba zinaegemeana kama zinazotaka kukutana juu, lakini kila ukuta umenyooka kama rula, hilo ni kosa la mtazamo. Akiona ukuta wenyewe umevimba katikati kama pipa, huo ni mpindo wa lenzi. Picha nyingi huwa na yote mawili kwa pamoja.

UMBALI NA SURA YA MTU

Tuanze na ile picha ya msibani. Kila kitu kilicho karibu na kamera huonekana kikubwa, na kilicho mbali huonekana kidogo. Mtu akishika simu umbali wa sentimeta 30 kutoka ncha ya pua yake, masikio yake, ambayo yako nyuma ya pua kwa kadiri ya sentimeta 12, yatakuwa umbali wa sentimeta 42. Gawanya 42 kwa 30, utapata 1.4. Maana yake, pua itaonekana imekuzwa kwa asilimia 40 kuliko masikio. Tena, kwa kuwa kamera iko karibu mno, mashavu huyaziba masikio, nayo huonekana kama yamejificha nyuma.

Sasa mtu huyo huyo apigwe picha na mwenzake aliyesimama umbali wa meta 1 na nusu. Pua iko sentimeta 150, masikio sentimeta 162. Tofauti ni asilimia 8 tu, ambayo jicho halitaisumbukia. Ndiyo maana wapiga picha wa studio tangu zamani waliiweka kamera yao mbali kidogo na kiti cha mteja.

Hapa lipo jambo ambalo hata baadhi ya wapiga picha hulikosea. Si lenzi inayoifanya pua iwe kubwa. Ni umbali. Lenzi pana humshawishi mtu asogee karibu ili uso uijaze picha, na kule kusogea ndiko kunakoiharibu sura. Kwa hiyo, rudi nyuma kwanza, kisha uivute picha kwa kukuza. Asiye na mwenziwe anaweza kuiegemeza simu dirishani, akaweka muda wa kujipiga yenyewe, akasimama umbali wa hatua mbili.

Je, picha iliyokwisha kupigwa kwa karibu yaweza kutengenezwa? Kwa uchache tu. Programu inaweza kuipunguza pua na kuupanua uso pembeni. Lakini masikio yaliyozibwa na mashavu haiwezi kuyarudisha, kwa sababu mwanga wake haukuingia katika lenzi hata kidogo. Kosa hili ni la kuzuiliwa kabla, si la kutibiwa baadaye.

KUTA ZINAZOEGEMEANA

Kosa la pili la mtazamo huonekana katika picha za majumba. Jamaa imejenga nyumba kwa akiba ya miaka mingi, nayo inataka kumpelekea baba picha yake huko aliko kazini. Mpiga picha husimama karibu na ukuta, huiinua simu juu ili paa lionekane, hubonyeza. Picha inatoka nyumba imelala nyuma kana kwamba itaanguka, na juu ni nyembamba kuliko chini.

Sababu yake ni ile ile ya umbali. Kamera ilipoinuliwa, sehemu ya juu ya ukuta ilikuwa mbali zaidi na kamera kuliko sehemu ya chini. Chukua jengo la ghorofa lenye kimo cha meta 8. Mpiga picha akisimama meta 10 kutoka ukutani, kamera ikiwa kimo cha meta 1 na nusu, naye akiiinua kwa digrii 20, upana wa juu utaonekana umepungua karibu robo moja kuliko upana wa chini. Akirudi nyuma hadi meta 20 na kuiinua kwa digrii 8 tu, upungufu huo huwa kama asilimia 5.

Kanuni ya kukumbuka ni moja: mgongo wa simu uwe sambamba na ukuta. Simu ikisimama wima kama ukuta ulivyosimama, kuta hazitaegemeana kamwe. Ikiwa paa halionekani, mpiga picha arudi nyuma, au apande mahali palipoinuka, kama vile ngazi au kichuguu. Simu nyingi zaweza kuonyesha mistari ya miraba juu ya kioo. Mistari hiyo imewekwa kwa kazi hii. Mstari mmoja wima ulinganishwe na pembe ya nyumba kabla ya kubonyeza.

Mafundi wa zamani walikuwa na kamera kubwa za kukunjwa, ambazo ubao wa lenzi uliweza kupandishwa huku filamu ikibaki wima. Hivyo walipata kilele cha jengo bila kuiinua kamera. Katika miaka ya 1960 zilianza kuuzwa lenzi za kusogezwa kwa ajili ya kamera ndogo. Leo kazi kama hiyo hufanywa na programu ya kompyuta au ya simu baada ya picha kupigwa.

MPINDO WA LENZI

Lenzi njema ingekikuza kila kitu kwa kiasi kimoja, kilicho katikati ya picha na kilicho pembeni. Lenzi nyingi hazifanyi hivyo. Zile pana aghalabu hukuza pembeni kidogo kuliko katikati, na mistari iliyo ukingoni huvimba kwenda nje. Huo huitwa mpindo wa pipa. Zile za kuvuta mbali aghalabu hukuza pembeni zaidi kuliko katikati, na mistari huingia ndani kama kingo za mto wa kulalia uliobanwa. Huo ni mpindo wa mto. Zipo pia lenzi zinazochanganya yote mawili, mstari ukapinda kama masharubu. Katika namna zote hizo, mstari unaopita katikati kabisa ya picha hubaki umenyooka.

Jambo hili lilijulikana mapema. Wataalamu waliona kwamba ukiweka kitundu cha mwanga mbele ya lenzi moja, mistari huvimba. Ukikiweka nyuma, mistari huingia ndani. Mwaka 1866, Dallmeyer huko Uingereza na Steinheil huko Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walitengeneza lenzi ya vioo viwili vilivyofanana, kitundu kikiwa katikati yake. Kosa la kioo cha mbele likafutwa na kosa la kioo cha nyuma. Baadaye hesabu zikachukua nafasi. Conrady aliandika juu ya lenzi ambazo vioo vyake havikukaa katikati sawasawa mwaka 1919, na Duane Brown wa Marekani akaeleza hesabu za kusahihisha mpindo huo mwaka 1966 na 1971. Hesabu za namna hiyo ndizo zinazotumika hadi leo katika programu nyingi. Aidha, simu nyingi za sasa huunyosha mpindo zenyewe kabla mtu hajaiona picha.

Hata hivyo, lenzi pana iliyokwisha kunyoshwa ina hila nyingine. Ili mistari ibaki imenyooka, vitu vya pembeni huvutwa kwenda nje. Mtu aliyesimama ukingoni, mahali palipo digrii 45 kutoka katikati, ataonekana amevutwa kwa zaidi ya asilimia 40 upande mmoja kuliko upande mwingine. Ndiyo sababu katika picha ya harusi shangazi aliyesimama mwisho wa mstari huonekana mnene, kichwa kikiwa kama yai, naye hakasiriki bure. Dawa yake ni kurudi nyuma, kutumia lenzi ya kawaida ya simu badala ya ile pana kabisa, na kuacha nafasi tupu pande zote mbili.

MAFUNZO KUTOKA KWA WALIOTANGULIA

Kazi ya kupima kwa picha ina historia ndefu, na wanajeshi na polisi wamo humo tangu mwanzo. Laussedat, ofisa wa jeshi la Ufaransa, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutengeneza ramani kwa kutumia picha, katikati ya karne ya 19.

Mwaka 1858, kijana mmoja Mjerumani, Albrecht Meydenbauer, alitumwa kulipima kanisa kuu la mji wa Wetzlar. Kazi yenyewe ilikuwa ya kupanda juu ya kuta kwa kamba na rula. Siku moja alikanyaga vibaya huko juu, akanusurika kuanguka chini na kufa. Tangu hapo alijiuliza kwa nini mtu ahatarishe maisha, ilhali picha iliyopigwa kwa uangalifu ingeweza kupimwa mezani. Kwa juhudi zake ilianzishwa huko Berlin, mwaka 1885, idara ya serikali ya kupiga picha za kupimia majengo. Picha zake ziliwafaa wajenzi walipohitaji kutengeneza upya majengo yaliyobomolewa na vita.

Kwa upande wa polisi, Alphonse Bertillon wa Paris aliona kwamba picha za wahalifu, zilizopigwa na kila fundi kwa mtindo wake, hazikusaidia kumtambua mtu. Katika miaka ya 1880 aliweka kanuni: uso kwa mbele na kwa ubavu, kiti mahali pamoja, kamera umbali ule ule, mwanga ule ule. Aliendelea hadi kuzipiga picha za mahali pa uhalifu pamoja na vipimo, ili umbali uweze kusomwa katika picha yenyewe. Picha za mbele na ubavu ambazo polisi wa dunia nzima hupiga leo ni urithi wa kanuni hizo.

PICHA YA AJALI BARABARANI

Tumchukulie polisi wa usalama barabarani aliyefika mahali ambapo gari limegongana na pikipiki ya bodaboda. Mwenye pikipiki amepelekwa hospitali, mvua inakaribia, na alama za breki zitafutika baada ya muda mfupi. Atakachokipiga sasa ndicho kitakachobaki, na pengine ndicho kitakachoamua kama mtu atafungwa, au kama mjane na watoto watalipwa fidia.

Akisimama karibu na kutumia lenzi pana, umbali kati ya gari na pikipiki utaonekana mrefu kuliko ulivyo. Akisimama mbali na kuivuta picha, vyombo hivyo vitaonekana vimebanana. Picha zote mbili ni za kweli, lakini zikitazamwa mahakamani bila maelezo, kila wakili atachagua inayomfaa mteja wake. Kwa hiyo inampasa polisi apige kwanza picha za mbali zinazoonyesha mahali pote, kisha za kati, halafu za karibu, na aandike aliposimama kwa kila picha.

Jambo la pili ni kuweka kipimo. Kabla ya kupiga alama za breki, achore kwa chaki pembe nne za mstatili barabarani, upande mmoja meta 3 na mwingine meta 4. Kama pembe zake ni mraba kweli, umbali wa kukata kona utakuwa meta 5 kamili. Hiyo ndiyo njia ya kuhakikisha. Picha yenye alama hizo nne inaweza kunyoshwa baadaye na mtaalamu hadi ionekane kana kwamba ilipigwa kutoka juu angani, na urefu wa alama za breki ukapimwa humo.

Lakini yafaa kujua mpaka wake. Kunyosha kwa pembe nne hufaa kwa kitu kilicholala juu ya uso mmoja bapa, kama lami. Gari lililosimama juu ya barabara hiyo litaonekana limelala na kurefuka, na vipimo vyake havitakuwa vya kweli. Barabara yenye kilima au shimo nayo haifai kupimwa hivyo.

Kwa vitu vidogo, kama alama ya kiatu au jeraha, polisi hutumia rula yenye umbo la herufi L. Baadhi ya rula hizo zimechorwa duara. Kamera ikishikwa sawasawa juu yake, duara hubaki duara. Ikiinamishwa, duara hugeuka umbo la yai, na kosa hujulikana papo hapo. Rula yapasa ilazwe kimo kimoja na alama inayopimwa.

NAMNA YA KUREKEBISHA

Zipo programu zisizolipiwa ambazo jamaa yoyote inaweza kuzitumia. Kwa kompyuta ipo GIMP, na ipo darktable, ambayo huzitambua lenzi nyingi na kuunyosha mpindo wake yenyewe. Kwa simu, Snapseed ina sehemu ya kurekebisha mtazamo. Na simu nyingi zina kazi hiyo katika sehemu ile ile ya kukata picha. Utaratibu ufuatwe hivi:

Kwanza, itengenezwe nakala. Picha ya asili isiguswe.

Pili, unyoshwe mpindo wa lenzi. Hatua hii hutangulia kwa sababu kurekebisha mtazamo hakuwezi kunyosha mstari uliopinda. Hugeuza tu mwelekeo wa mistari.

Tatu, irekebishwe picha iliyolala upande, kwa kulinganisha na kitu kinachojulikana kuwa wima, kama nguzo au mlango.

Nne, zirekebishwe kuta zinazoegemeana. Hapa asizidishe. Jengo refu likinyoshwa kabisa huonekana limepanuka juu, kwa maana jicho limezoea kuona juu pakiwa pembamba kidogo.

Tano, uangaliwe uwiano wa kimo na upana. Kunyosha huweza kuirefusha nyumba kuliko ilivyo. Mlango ambao vipimo vyake vinajulikana ni shahidi mwema.

Sita, zikatwe pembe tupu zilizobaki. Kwa kuwa kila marekebisho hula ukingo wa picha, mwenye busara huacha nafasi pande zote wakati wa kupiga.

Kwa hati, kama vile mapatano ya kununua kiwanja au cheti cha mtoto, simu nyingi zina njia ya kupiga picha ya karatasi, ambayo hutafuta pembe zake nne na kuinyosha mara moja. Karatasi ilazwe mezani bila mikunjo, na herufi zote zisomwe tena kabla ya kuirudisha sandukuni.

MPAKA KATI YA KUSAHIHISHA NA KUDANGANYA

Kunyosha ukuta uliopindishwa na lenzi ni kurudisha ukweli. Kuondoa ufa katika ukuta huo kabla ya kumwonyesha mnunuzi ni udanganyifu. Chombo ni kile kile; tofauti iko katika nia ya anayekishika.

Katika kazi ya polisi mpaka huo ni mkali zaidi. Picha ya asili ihifadhiwe kama ilivyotoka katika kamera, na kila badiliko lililofanywa katika nakala liandikwe: nani alilifanya, lini, na kwa programu gani. Mtu mwingine akiifuata orodha hiyo, apate matokeo yale yale. Tena, picha isitumwe kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu hupunguzwa ubora na kupoteza maelezo ya saa na kamera yaliyomo ndani yake. Itumwe kama hati, au ipelekwe kwa kifaa cha kuhifadhia.

Nyumbani hakuna hakimu, lakini wapo watoto watakaokua. Majeshi ya Uganda yamekuwa yakienda Somalia tangu mwaka 2007, na wako polisi wanaohamishwa vituo kila mara. Kabla baba au mama hajaondoka, jamaa itenge nusu saa. Asimame mlangoni, mahali penye kivuli, mwanga ukimjia usoni. Mwenziwe arudi nyuma hatua mbili au tatu, ashike simu wima kimo cha macho, apige mara tatu au nne: akiwa peke yake, akiwa na watoto, amevaa sare, na amevaa nguo za kawaida. Kisha picha hizo zihifadhiwe mahali pawili, na mojawapo ichapishwe katika karatasi.

Kazi hiyo haihitaji fedha wala mashine ya thamani. Akirudi salama, watamcheka pamoja jinsi alivyokuwa mwembamba. Na ikiwa hakurudi, mama yake akiletewa picha hiyo hatauliza masikio yako wapi.